Kukatiza, Kukatika na Kukatizwa: Uhakiki wa Istilahi za Tiba ya Virusi vya UKIMWI

Istilahi nyingi tunazozichambua katika kurasa hizi huwa na watumiaji wachache. Istilahi ya fizikia ikipotoka, mwalimu huisahihisha darasani, na mwanafunzi hapotezi zaidi ya alama za mtihani. Zipo, hata hivyo, istilahi ambazo mtumiaji wake mkuu si mwalimu wala mwanafunzi, bali ni mtu yeyote aliyekabidhiwa kopo la vidonge na kuelezwa, kwa Kiswahili, namna ya kuvitumia. Istilahi za aina hiyo zikipotoka, hapana wa kuzisahihisha. Mtu huondoka nazo hadi nyumbani kwake, akazifuata kama zilivyo.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika kuieleza tiba ya virusi vya UKIMWI, na hasa zile zinazohusu wakati: tiba ianze lini, na hutokea nini inapokatizwa. Hoja yetu ni kwamba utabibu umebadili rai yake juu ya mambo hayo mawili kwa kiasi kikubwa tangu mwaka 2006, ilhali msamiati wetu haujaufuata.

Yatupasa kwanza tutoe haki panapostahili. Istilahi yenyewe ya UKIMWI ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya uundaji wa maneno katika lugha yetu. Ni akronimu iliyoingia katika ngeli bila kutumia nguvu, ikapata viambishi vyake, na leo hutamkwa na watu ambao hawajapata kuuliza kila herufi yake inasimama badala ya nini. Wako waliofafanua herufi zake za mwanzo kuwa ni ukosefu wa kinga mwilini, na wako waliosema upungufu. Twaona kwamba waliosema upungufu walikuwa na haki kuliko walivyojua, kwa kuwa aliyepungukiwa huweza kuongezewa, na hivyo ndivyo dawa zilivyokuja kufanya. Vivyo hivyo istilahi ya magonjwa nyemelezi haina dosari. Kitenzi nyemelea hutuletea mwindaji anayevizia, na msikilizaji huelewa papo hapo kwamba maradhi hayo hayana ubavu wa kumwangusha mtu mwenye kinga kamili, bali hungojea adhoofike. Huu ndio mfano tunaotaka ufuatwe: neno la Kiswahili lililobeba maelezo sahihi ya kitabibu ndani ya mzizi wake.

Tatizo linaanza na neno tiba. Kwa miaka mingi mabango na redio zimetangaza kwamba UKIMWI hauna tiba. Nchini Tanzania mtu huyo huyo aliyeyasoma mabango hayo huelekezwa aende kliniki ya tiba na matunzo. Ikiwa maradhi hayana tiba, kliniki hiyo inatoa nini? Wataalamu watajibu kwamba katika tangazo la kwanza tiba ina maana ya kuponya kabisa, na katika jina la kliniki ina maana ya kutibu tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini istilahi isiyoweza kusimama mpaka mtaalamu aje kuifafanua haijawa istilahi. Kiswahili kinayo maneno mawili kwa dhana hizi mbili: kuna kutibu na kuna kuponya. Tabibu hutibu, na mgonjwa huenda akapona au asipone. Ilitosha kusema tangu awali kwamba UKIMWI una tiba lakini bado hauna dawa ya kuuponya.

Wala hili si suala la usafi wa lugha tu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba kilichotolewa kwa shilingi 500. Walikuwamo wanaoishi na virusi, na baadhi yao waliziacha dawa zao za hospitali. Hatudai kwamba neno moja lingewazuia. Tunasema kwamba mtu aliyeambiwa kwa miaka mingi kuwa maradhi yake hayana tiba, kisha akasikia kwamba mahali fulani iko tiba, hakuwekewa na lugha kizuizi chochote kati ya hospitali iliyokiri kutoponya na kikombe kilichoahidi kuponya.

Tuje sasa kwenye majina ya dawa zenyewe. Mbali na herufi tatu ARV, ambazo watu wengi wamezizoea, Kiswahili kina majina matatu yanayoshindana: dawa za kurefusha maisha, dawa za kupunguza makali ya virusi, na dawa za kufubaza virusi. Kila jina limebeba nadharia yake juu ya jinsi dawa inavyofanya kazi, na kwa hiyo kila jina lapasa kupimwa kwa ukweli wa nadharia hiyo.

Jina la kwanza linataja matokeo na kunyamaza juu ya njia. Pia lina kasoro ya kuashiria kwamba maisha yalikuwa yamefika ukingoni, yakaongezwa kipande. Huenda maelezo hayo yaliafiki hali ya wakati ambapo dawa zilitolewa kwa waliokwisha kudhoofika. Hayamfai kijana mwenye afya anayeanza dawa siku ile ile anapopimwa, ambaye anaweza kutarajia umri unaokaribia ule wa wenzake.

Jina la pili limekopa taswira ya kisu. Kisu kikipunguzwa makali hubaki kisu, lakini butu. Na butu hubaki butu mpaka mtu akinoe. Jina la tatu limekopa taswira ya kitambaa. Kitu kilichofubaa kimepoteza rangi na nguvu yake, na kwa desturi ya mambo kanga iliyofubaa hairejeshi rangi yake kwa kuachwa kabatini. Hapa ndipo taswira zote mbili zinapotupotosha. Dawa hizi hazivibadili virusi vikawa dhaifu. Zinavizuia visizaane. Virusi vilivyokwisha kujichopeka katika chembe za urithi za seli zilizolala hubaki humo, vizima kama vilivyokuwa, na dawa zikiachwa huanza kuzaana tena. Aghalabu huonekana tena katika damu baada ya wiki chache tu. Hapana kitu kilichofubaa, na hapana makali yaliyopungua. Kilichokuwapo ni mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo ameacha kuufunga.

Mtu aliyemeza dawa kwa miaka mitatu, akapimwa akaambiwa virusi havionekani, akajua pia kwamba kazi ya dawa ni kufubaza, ana sababu nzuri ya kudhani kwamba virusi vyake vimekwisha kufubaa. Akili yake haina kosa. Kosa limo katika neno tulilompa. Twapendekeza kwa hiyo kwamba jina la kitaalamu liwe dawa za kuzuia virusi, na kwamba katika maelezo kwa umma litimizwe kuwa dawa za kuzuia virusi visizaane. Ni jina refu kidogo, lakini halina uongo, na lenyewe linadokeza kwamba anayezuia akiondoka, aliyezuiwa huendelea na safari yake.

Tukiacha majina ya dawa, twaingia katika suala la wakati wa kuanza. Katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi kama zetu, mtu asiye na dalili aliambiwa angoje mpaka seli zake za CD4 zishuke. Kwa miaka ya mwanzo ya 2000 kiwango kilikuwa 200 kwa kila milimita ya ujazo ya damu. Mwaka 2010 kilipandishwa kufikia 350, na mwaka 2013 kufikia 500. Utafiti ulioitwa START, uliowahusisha watu 4,685 katika nchi 35, ulimaliza ubishi. Wote walianza wakiwa na CD4 zaidi ya 500. Nusu walianza dawa mara moja na nusu wakangoja. Matokeo yalipotangazwa Mei 2015, maradhi mazito au vifo vilikuwa vimewapata watu 42 wa kundi la kwanza na watu 96 wa kundi la pili. Mnamo Septemba mwaka huo kiwango kiliondolewa kabisa, na ikaagizwa kwamba kila aliyekutwa na virusi apewe dawa. Mwaka 2017 Shirika hilo likaongeza kwamba tiba ianze ndani ya siku saba tangu mtu agundulike, na hata siku ile ile kwa aliye tayari.

Kiswahili kililipokeaje badiliko hilo? Kwa neno moja tu: mapema. Tunasoma anza dawa mapema, tiba ya mapema, umuhimu wa kuanza mapema. Swali la mwanaistilahi ni jepesi: mapema kuliko nini? Katika miongozo ya zamani mapema ilikuwa na maana ya kabla CD4 hazijashuka sana. Katika miongozo ya leo ina maana ya siku chache baada ya kupimwa. Na katika hali ya tatu, ambayo wengi huisahau, mapema huhesabiwa tangu ilipoanza tiba ya ugonjwa mwingine. Saa ni tatu tofauti, na neno ni moja.

Saa hiyo ya tatu si jambo dogo. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watu 177 waliokuwa na virusi pamoja na uti wa mgongo unaotokana na kuvu aina ya kriptokoka. Wale walioanzishiwa dawa za virusi wiki moja hadi mbili baada ya kugundulika na uti wa mgongo walikufa asilimia 45 katika wiki 26. Wale waliongojeshwa kiasi cha wiki tano walikufa asilimia 30. Hapa kungoja ndiko kulikookoa maisha. Mhudumu aliyefunzwa kwamba mapema ni kheri siku zote, na asifunzwe ni saa ipi inayohesabiwa, anaweza kumdhuru mgonjwa kwa nia njema kabisa.

Twapendekeza basi maneno matatu yatenganishwe. Kuanza papo hapo kuwe ni kuanza siku ya kugundulika au ndani ya siku saba. Kuanza kwa kiwango kuwe ni ule utaratibu wa zamani wa kungojea CD4 zishuke, ambao sasa twauhitaji katika kueleza historia na tafiti. Kuanza kwa kungoja kuwe ni kuahirisha kwa makusudi, kwa muda uliotajwa, ili ugonjwa mwingine utibiwe kwanza. Neno mapema libaki katika lugha ya kila siku, lakini lisiandikwe katika mwongozo bila kufuatwa na neno tangu.

Katika mlango huu huu iko dhana nyingine inayohitaji jina, nayo ni ile hali ambapo kinga iliyokuwa imelala inaamka kwa ghafla baada ya dawa kuanza, ikayashambulia maradhi yaliyokuwamo kwa nguvu hata mgonjwa akazidiwa. Mfasiri afuataye neno kwa neno atatuletea mrundikano wa maneno matano au sita ambao hapana muuguzi atakayeutamka mara mbili. Sisi tunaleta mgutuko wa kinga. Agutukaye ni aliyelala, naye huamka kwa kishindo na huenda akampiga hata aliye karibu naye. Mzizi umebeba maelezo yote, kama ulivyobeba ule wa nyemelezi.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya, yaani kukatiza. Ulikuwapo wakati ambapo wataalamu wenyewe walidhani kwamba kupumzisha dawa kwa mpango kungeweza kuwapunguzia watu sumu ya dawa na gharama zake. Dhana hiyo ilijaribiwa. Utafiti wa SMART uliwachukua watu 5,472 katika nchi 33. Kundi moja lilimeza dawa bila kukoma. Kundi la pili liliacha mpaka CD4 ziliposhuka chini ya 250, likarudia mpaka zikapita 350, kisha likaacha tena. Mnamo Januari 2006 mpango huo ulisimamishwa, kwa kuwa vifo au magonjwa nyemelezi yalikuwa yamewapata watu 120 katika kundi la kuachaacha na watu 47 katika kundi la kuendelea. Hata maradhi ya moyo, figo na ini, ambayo ilidhaniwa yangepungua kwa kupumzisha dawa, yaliongezeka. Mwezi Machi mwaka huo huo, katika utafiti wa DART uliokuwa ukiendeshwa Uganda na Zimbabwe, utaratibu wa wiki 12 za dawa na wiki 12 bila dawa nao ulisimamishwa kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Kwa Kiingereza utaratibu huo ulipewa jina la mzaha lenye maana ya likizo. Twawaomba wafasiri wetu wasithubutu kutuandikia likizo ya dawa. Likizo kwetu ni haki ya mfanyakazi, ni jambo la furaha, na mtu hurudi kutoka likizoni akiwa na nguvu mpya. Katika jambo hili waliorudi na nguvu mpya walikuwa ni virusi.

Badala yake, Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni minyambuliko ya kitenzi. Kutokana na mzizi mmoja, kat-, tunaweza kumtaja mhusika wa tendo bila kuongeza neno. Mgonjwa aliyeacha mwenyewe, kwa sababu yoyote iwayo, amekatiza tiba. Mgonjwa ambaye tabibu ameamuru aache, mathalan kwa sababu ya madhara ya dawa, amekatiziwa tiba, na tendo la tabibu huyo tunaliita usitishaji. Na pale ghala la dawa lilipobaki tupu, au barabara ilipofungwa kwa mafuriko, au fedha zilipokoma kuja, tiba imekatika, kama umeme unavyokatika, bila mgonjwa kutia mkono. Tofauti hizi tatu ni za kitabibu pia. Dawa hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja; katika baadhi ya michanganyiko, zote zikiachwa siku moja, moja hubaki peke yake kwa siku kadhaa na kuvipa virusi nafasi ya kujenga usugu. Anayesitisha kwa utaratibu huweza kulizingatia hilo. Aliyekatikiwa hawezi.

Licha ya utajiri huo wote, mtu asiyefika kliniki tunamwita kwa neno moja tu: mtoro. Hatuoni neno lililotumika vibaya kuliko hili katika uwanja wote tunaouhakiki. Mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa shule au mfungwa aliyevunja gereza. Katika pwani yetu ya karne ya 19 watoro walikuwa ni watumwa waliokimbia mabwana zao, wakajenga makazi yao wenyewe bara ya Malindi. Mtoro, kwa hiyo, hana maana pasipo mwenye mali anayemtafuta. Tukimwita mgonjwa mtoro tumekwisha kuamua mambo mawili kabla ya kumwuliza lolote: kwamba kosa ni lake, na kwamba kurudi kwake ni kujisalimisha. Je, ni ajabu kwamba wengine hawarudi?

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na ijapokuwa ruhusa maalumu ilitolewa baadaye kwa huduma za kuokoa maisha, shughuli za kliniki zilizotegemea misaada hiyo zilivurugika katika nchi nyingi za Afrika. Ikiwa mtu alifika akakuta mlango umefungwa, ni nani aliyetoroka hapo? Msamiati wenye neno moja hauwezi hata kuliuliza swali hilo.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mtoro ni neno fupi, linaingia katika safu ya daftari, na kila mhudumu analielewa. Pia wako watakaotuletea mpotevu, wakisahau kwamba neno hilo nalo limekwisha kuhukumu. Sisi tunaelekeza macho kwenye kauli ambayo kila Mswahili anaitumia bila kufunzwa. Marafiki wawili waliokaa muda mrefu bila kuonana husema, tumepoteana. Hapana anayemlaumu mwenziwe. Kila mmoja ana sehemu yake. Mtu huyu basi na aandikwe kuwa amepoteana na kliniki, na siku atakapofika aandikwe kuwa amerejea. Kiambishi -an- kinafanya kazi ambayo sentensi nzima ya maonyo isingeweza kuifanya, maana kinaikumbusha kliniki kwamba nayo imempoteza mtu.

Mwisho tuguse neno dozi, ambalo udogo wake unaficha hatari yake. Katika Kiswahili cha mitaani dozi si kiasi kinachomezwa mara moja tu. Ni matibabu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Maliza dozi, ndivyo tunavyoagizwa tupewapo dawa mseto ya malaria, nayo humalizwa kwa siku tatu. Mtu aliyekulia katika maana hiyo akiambiwa afuate dozi ya dawa za virusi, moyoni mwake iko siku ya kumaliza. Twashauri kwamba kwa dawa hizi neno dozi litumike kwa mmezo mmoja tu, kama katika kuruka dozi, na kwamba tiba yenyewe isipewe kamwe kitenzi cha kumaliza. Husemwa inaendelea.

Wako watakaosema kwamba maneno yaliyokwisha kuenea yasiguswe, kwani mazoea yana taabu. Kanuni hiyo tunaiheshimu, na katika fani nyingi sisi wenyewe tumeitetea mbele ya waliotaka kubadili kila kitu. Lakini msingi wa kanuni hiyo ni kwamba neno lililozoeleka halimdhuru mtu. Dhana ikiwa imebadilika chini ya neno, mazoea hayo hayo ndiyo yanayoeneza kosa. Daktari wa mwaka 2005 na daktari wa leo hawasemi jambo moja juu ya kungoja na kupumzisha, na haifai tuwawekee kinywani maneno yale yale.

Tunawaalika wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, na hasa wale wanaoishi na virusi, watuandikie ni maneno gani wanayoyatumia wao kwa wao kwa dhana tulizozitaja: papo hapo, kiwango, kungoja, mgutuko, kukatiza, usitishaji, kukatika na kupoteana. Likipatikana lililo bora kuliko tulilolileta, tutaliweka mahali pake. Lakini tungependa mjadala huo ufanyike kabla ya mabango na vipeperushi vingine kupelekwa mtamboni, kwa kuwa karatasi ikishabandikwa ukutani mwa zahanati hukaa miaka mingi, na anayeisoma hana njia ya kujua kwamba waliyoiandika wameshabadili rai.